Mgonga Sahani na Njama ya Minong'ono

Jumatatu, 6 Mei

Kuna njama. Ushahidi sina bado, lakini njama ipo. Tangu asubuhi kiwanda kizima kinaongea kwa kunong'ona.

Nieleze vizuri, wajukuu wakisoma shajara hii wasije wakadhani babu yao alirukwa na akili. Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha sahani. Sahani ikitoka kwenye tanuri na kupoa, naiweka juu ya ncha za vidole, naigonga ukingoni kwa kijiti cha mti, nasikiliza. Sahani nzima inalia ngiiing. Yenye ufa, hata ufa ambao jicho haliuoni, inasema tko, basi. Hiyo inakwenda kwenye rafu ya mbovu kusubiri kusagwa. Ni kazi ya masikio. Macho unaweza kuyaacha nyumbani.

Sasa mkuu wetu wa ukaguzi anastaafu. Ana koti jeupe lenye mfuko wa kalamu, na meza karibu na dirisha. Koti lile nimelimezea mate tangu nilipoajiriwa. Wanaostahili kulivaa ni wawili, mimi na mkaguzi mwenzangu, Mpole. Mpole tunamwita hivyo kwa sababu ni mpole. Simwamini. Mtu hawi mpole kiasi kile bure bure.

Desturi ya kiwanda ni hii: meneja anataja jina la mkuu mpya mbele ya watu wote, kisha anamuuliza mkaguzi mkongwe kama anakubali. Mkongwe akikataa, linaitishwa shindano la kugonga, na mshindi ndiye anayevaa koti. Mkongwe ni mimi. Akitajwa Mpole, nakataa papo hapo. Kwenye shindano hanipati ng'o.

Kwa hiyo jana nilijiandaa. Wengine hunoa visu, mimi nilinoa masikio. Huyasafisha kila siku kwa vijiti vya pamba, lakini jana nilifanya kazi ya kweli. Nilioga nikaacha maji yaingie humo ndani. Kisha kijiti. Kisha kijiti kingine. Kisha njiti ya kiberiti, kwa pale ambapo kijiti hakifiki. Nikasikia kitu kinasogea. Kilisogea kwenda wapi sikuuliza.

Na leo, na masikio safi hivi, wananong'ona! Mpole kanisalimia kwa kunong'ona. Wapakiaji wananong'ona. Meneja kapita akifungua na kufunga mdomo kama samaki. Hata sahani zinanong'ona. Nimegonga mzigo wote wa asubuhi, tko, tko, tko. Zote nimezipeleka rafuni. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Jumanne, 7 Mei

Mambo hayaeleweki. Nikifungua kinywa, sauti yangu inavuma kichwani kana kwamba nimetumbukia kwenye pipa. Nikaona si adabu kupiga kelele mahali ambapo watu wananong'ona, nikapunguza. Mpole akasogea karibu, akaniomba niseme kwa sauti. Nikapunguza zaidi, makusudi. Kama ni kunong'ona, na tunong'one!

Halafu kutafuna. Saa ya chai nilikula kipande cha mkate mkavu, kishindo chake kama lori linamwaga kokoto. Nikasimama nione nani atageuka. Hakuna. Nikatafuna tena. Lori lile lile! Hakuna aliyegeuka, wote wamejitia hamnazo. Hawa watu wamefundwa.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimegundua dawa ya minong'ono: kuitikia kwa kichwa. Mtu akimaliza kuchezesha midomo, unaitikia taratibu, unaongeza tabasamu dogo la mtu anayejua zaidi ya alichoambiwa. Jioni meneja kaonyesha rafu yangu ya mbovu, imejaa hadi juu. Kasema maneno. Nikaitikia. Kasema mengine. Nikaitikia. Kaondoka akijikuna shingo. Nadhani nimemshinda, ila sijui katika nini.

Jumatano, 8 Mei

Mama mkwe amekuja. Mama mkwe wangu ana sauti ndogo ya heshima, siku zote. Safari hii ameiondoa kabisa. Nilikaa naye sebuleni, yeye akichezesha midomo, mimi nikitoka jasho. Mkwe humwambii rudia. Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi mno, akaenda kufungua begi lake kubwa. Nini nimekubali? Sijui. Baadaye nimekuta nguo zangu ziko kwenye sanduku chini ya meza, na zake ziko kabatini.

Mke wangu kasimama mbele ya uso wangu, kaniambia kwa mdomo mpana kwamba masikio yangu yameziba. Mimi! Mtu ninayesafisha kila siku! Nikamuuliza kama amewahi kuona mtu anafagia nyumba kila siku halafu nyumba inajaa takataka. Kasema amewahi, kama mwenye nyumba anafagia kuelekea ndani. Mwanamke huyu ana maneno. Nimekwenda bafuni nikasafisha tena, kumwonyesha.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimefikiri, huenda tatizo ni kijiti. Kijiti cha Mpole ni cha zamani, kinang'aa kwa kushikwashikwa. Sahani zake zinalia, uso wake unaonyesha kwamba zinalia. Saa ya chai nikakibadilisha na changu. Nikarudi mezani, nikagonga. Tko.

Nikatafakari. Ina maana Mpole alishavibadilisha kabla yangu, na mimi nimejiibia kijiti changu mwenyewe! Nikavibadilisha tena. Tko. Nikavibadilisha kwa mara nyingine ili kuhakikisha, na hapo nikapoteza hesabu. Sasa sijui kipi ni changu. Vyote viwili vinanong'ona.

Ila jioni nimepata ushahidi. Nilisahau kofia, nikarudi. Nikamkuta Mpole kwenye rafu yangu ya mbovu, peke yake, anagonga sahani zangu moja moja na kuzihamishia kwenye makreti ya nzima. Sahani nilizozikataa mimi! Aliponiona akaona aibu, akasema kitu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa dharau. Ajue nimemwona.

Ijumaa, 10 Mei

Siku kuu! Nadhani.

Meneja alituita wote kwenye chumba cha kupakia. Mkuu wa zamani alikuwepo, koti limekunjwa mkononi. Meneja kahutubia. Midomo yake ilikwenda muda mrefu, watu wakawa wananitazama mimi. Kisha kanigeukia, kaniuliza kitu, chumba chote kikakodoa macho. Nikajua ndiyo saa yenyewe. Sikutaka kuonekana mtu wa kusitasita. Nikaitikia kwa kichwa. Kauliza tena, kana kwamba haamini. Nikaitikia kwa nguvu, nikanyoosha mikono, nikaanza kupiga makofi mwenyewe. Wote wakafuata.

Cha ajabu, Mpole alinijia machozi yakimlengalenga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama. Nikamhurumia. Kushindwa kunauma. Nikampigapiga begani, nikamwambia zamu yake itafika. Akanitazama kama hakuelewa. Nilisahau kupaza sauti.

Koti sikupewa leo. Bila shaka linapelekwa kufuliwa kwanza.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu amenipeleka kwa muuguzi wa masikio. Amenipeleka kama mbuzi, kwa kuvuta mkono. Mama mkwe alitusindikiza hadi mlangoni akitikisa kichwa. Nilikubali kwa sababu moja tu. Mkuu wa ukaguzi lazima awe na cheti cha masikio mazuri ukutani.

Muuguzi ni mama mnene mwenye mikono laini. Kachungulia sikio la kulia kwa kifaa chenye taa. Kachungulia tena. Kamwita mwenzake naye achungulie. Nikajivuna. Inaelekea hawajaona sikio kama hili.

Akaeleza. Sikio la kushoto lina kiupenyo, basi mke wangu akaviringa gazeti, akawa ananipigia maneno humo kama mtu anayemwaga maji kwenye faneli. Kwamba ile si takataka, ni nta. Kwamba sikio lenyewe huitengeneza ili kujilinda na vumbi na vijidudu, kisha huisukuma nje lenyewe polepole, bila msaada wa mtu. Kwamba kijiti hakiitoi, kinaishindilia. Kwamba humo ndani nimejenga ukuta, na kuta zenyewe ndizo sasa hazina masikio. (Hilo la mwisho nahisi ni la mke wangu.)

Nikamwambia autoe sasa hivi. Kakataa. Nta imekuwa ngumu, akiivuta hivyo ataniumiza. Nitie matone machache ya mafuta asubuhi na jioni ilainike, nirudi Alhamisi, ndipo ataamua kama ni ya kusafisha kwa maji ya vuguvugu au ya kufyonza. Hadi hapo nisiingize kitu chochote. Kitu chochote! Mke wangu kalirudia hilo gazetini mpaka gazeti likalowa mate. Kisha akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Nimestuka sana. Sikio langu linakufa?

Jumapili, 12 Mei

Alhamisi ni mbali. Nitakabidhiwa koti wakati wowote. Nimefanya hesabu yangu: kama matone machache yanalainisha kwa siku kadhaa, kikombe kitalainisha leo leo. Nimelala ubavu, nikamimina. Nikageuka upande wa pili, nikamimina. Sikukumbuka kwamba lile sikio la kwanza litamwaga yake yote.

Mto umeharibika. Shuka limeharibika. Kitenge kipya cha mama mkwe, kilichokuwa kimetandikwa pembeni, sina la kusema. Alikitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akachezesha midomo kidogo tu. Nikaitikia.

Sisikii kitu. Hata kile kiupenyo cha kushoto kimekwenda.

Jumatatu, 13 Mei

Nimegonga sahani huku nimeinamisha kichwa upande mmoja, mafuta yasimwagike. Yamemwagika. Sahani zenye madoa ya mafuta haziuziki. Meneja kaja, kaona, kanishika bega kwa upole, kanipeleka chumba cha kupakia, kanikabidhi marundo ya majani makavu ya kufungia sahani. Nimeelewa. Mkuu mpya lazima aijue kila idara. Nimepakia siku nzima kwa moyo.

Nilichungulia dirishani. Mpole amekaa kwenye ile meza. Nadhani ananipashia kiti joto.

Jumanne, 14 Mei

Naandika nimelala sakafuni. Dunia bado inazunguka kidogo.

Muuguzi alitaja maji. Maji kila nyumba yanayo! Nikatafuta chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, ile ya sosi, nikaiosha, nikajaza maji ya baridi kutoka kwenye friji. Ya baridi, ili kuiamsha nta. Nikasimama sebuleni, nikaelekeza, nikaminya kwa nguvu zote.

Sebule ikapinduka. Kabati likaenda darini. Nilitafuta ukuta wa kushika, ukuta ukanikwepa. Nikaanguka, na nilipoanguka nikakumbatia kitu cha kwanza kilichosimama imara. Kilikuwa mguu wa mama mkwe.

Aibu hii sijui nitaipeleka wapi. Nimemshika mkwe mguu! Nikataka kuachia, lakini kila nikiachia chumba kinazunguka, basi nikang'ang'ania, machozi yananitoka, nikimwita mama, mama. Alikuwa amevaa viatu, begi liko mkononi. Akaliweka begi chini. Akanipapasa kichwa. Naye akaanza kulia.

Baadaye mke wangu kaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Mama alikuwa ameona kwamba namchoka, kwa jinsi ninavyoitikia bila kusema neno, na kwa kile kitenge. Alikuwa ananiuliza kama ni afadhali aondoke leo. Basi kwa jinsi nilivyomlilia miguuni, ameamua kukaa mpaka mwisho wa mwaka.

Alhamisi, 16 Mei

Nimerudi kwa muuguzi. Kanusa, kauliza mafuta ni mengi kiasi gani. Mke wangu kamweleza habari ya chupa ya sosi. Muuguzi kaeleza kwamba maji ya baridi sikioni ndiyo yaliyonizungusha, na kwamba nimshukuru Mungu kiwambo cha sikio hakikutoboka. Hatatumia maji. Atafyonza.

Nikalazwa kitandani. Kashusha mbele ya sikio langu darubini kubwa yenye miguu, kaingiza mrija mwembamba kama sindano. Nisijitikise. Nikawa jiwe. Ikaanza sauti, ile ya mtu anayemalizia soda kwa mrija, frrrp, frrrp. Mwisho kipande kigumu kikabaki, akakinyofoa kwa kijiko kidogo sana, taratibu kabisa. La pili likafuata. Haikuuma. Nilikuwa nimejiandaa kupiga mayowe, nikakosa sababu.

Kanionyesha kwenye sahani ya bati. Nta nyeusi, ndefu kama kokwa ya tende. Ndani yake pamba. Na kichwa cha njiti ya kiberiti. Kaniuliza kama huwa nawasha moto humo ndani.

Halafu nikasikia. Karatasi ya kitandani ikichakarika chini yangu. Glavu zake. Mtu anakohoa barabarani. Mke wangu kaniita, kwa kawaida tu, bila gazeti, na sauti yake ilikuwa na ule mkwaruzo kidogo mwishoni ambao nilikuwa nimeusahau. Nimelia. Wajukuu waruke mstari huu.

Muuguzi kanionya mara ya mwisho. Nifute nje tu kwa kitambaa, ndani niliachie sikio lenyewe, nikihisi limeziba nirudi kwake. Nikaitikia kwa kichwa. Sasa nasikia kila kitu, lakini mazoea yana tabu.

Ijumaa, 17 Mei

Ole wangu.

Nimefika kiwandani mapema, nikaenda moja kwa moja kwenye meza yangu ya dirishani. Mpole amekaa. Amevaa koti jeupe. Koti limemkaa!

Nikamwendea meneja, nikadai maelezo. Kashangaa. Kasema Ijumaa iliyopita alimtaja Mpole mbele ya watu wote, akaniuliza mimi, mkongwe, kama nakubali. Alitegemea nikatae, hata meza ya shindano ilikuwa imeshapangwa. Nikaitikia. Akauliza mara ya pili, maana hakuamini. Nikaitikia mpaka shingo ikalia, nikaongoza makofi. Kasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona moyo mweupe namna ile. Kwamba aliwasimulia hata watoto wake.

Nafasi ya kukataa ilikuwa yangu peke yangu, na nikaipigia makofi.

Nimekwenda kwenye rafu ya mbovu. Zilibaki sahani chache. Nimeigonga ya kwanza: ngiiing. Ya pili: ngiiing. Zote nzima! Mpole kaja taratibu, kasimama kando yangu. Kaniita kaka mkubwa. Kasema alikuwa akibaki jioni kuzigonga upya ili nisionekane nimeharibu kazi, na meneja hakuambiwa. Kasema meza yangu ya kugongea inanisubiri, na kwamba hakuna sikio kama langu. Sauti yake ni nzuri, ya upole. Nikaenda nikagonga sahani hadi jioni, ngiiing, ngiiing, kila moja kama kengele. Ni sauti tamu kuliko zote, na leo iliniumiza.

Jumapili, 19 Mei

Nimekaa nikayapanga yote. Sasa naona.

Kwa wiki nzima walinong'ona. Mpole akapata koti. Tangu nimwone nalo mwilini, wote wanaongea kwa sauti. Wote! Meneja, wapakiaji, mama mkwe, hata sahani. Mtu asiyeona uhusiano hapo ni kipofu. Walinong'ona hadi walipopata walichotaka, kisha wakaacha. Na Mpole akanisaidia jioni, kwa siri. Nani husaidia kwa siri kama hana siri? Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Lakini mkuu naye hustaafu. Siku ikifika nitakuwa tayari, na masikio haya, yaliyosafishwa na mtaalamu, sitayaacha yachafuke tena. Nimenunua kopo la vijiti vya pamba, lile kubwa. Leo baada ya kuoga nimeyapitia yote mawili kwa uangalifu, ndani kabisa, kulinda kazi nzuri ya yule muuguzi. Kisha nikafanya jambo ambalo hata yeye hakulifikiria. Nimesokota pamba, madonge mawili manene, nikaziba nayo masikio barabara vumbi lisiingie. Nitatoka nayo hadi kiwandani kesho.

Mke wangu kaingia sasa hivi, kasimama mlangoni, kaona kopo. Kaweka mikono kiunoni. Anafungua na kufunga mdomo kama samaki.

Ananong'ona! Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe na yeye yumo.

Nimemwitikia kwa kichwa.